Tela la pawatila: dili kwa fundi wa kuchomelea, ila usibanie breki

Kama wewe ni fundi wa kuchomelea Mbeya au Iringa na oda za mageti zimekauka, angalia matela ya pawatila. Wateja wako mpungani: Igurusi, Rujewa na Ubaruku kule Mbarali, na Pawaga upande wa Iringa. Pawatila bila tela inalima tu. Ikifungwa tela inabeba mpunga, mbolea, matofali, na watu pia (japo haikutengenezwa kwa abiria).

Kazi ni kuunganisha: ekseli na springi za gari chakavu, matairi, fremu ya chuma, bodi ya bati. Ekseli ikae nyuma kidogo ya katikati ya bodi. Ukiisogeza mbele sana, mzigo unaelemea nyuma na tela linanyanyua mashine.

Kishawishi ni kuacha breki ili bei ishuke. Hapo ndipo watu wanaumia. Breki ya kutegemea ni ile ya mguu kwenye tela, maana kwenye mteremko tela linaisukuma mashine na uendeshaji unageuka: ukibana klachi ya kushoto, pawatila inakwenda kulia! Dereva mgeni anaishia mtaroni.

Kwa hiyo funga breki magurudumu yote mawili, pedali iwe karibu na kiti, na ulijaribu tela likiwa na mzigo kabla ya kukabidhi. Ushauri upo SIDO, wana ofisi mikoa yote miwili. Mpunga wa Mbarali unaanza kuvunwa Mei hivi, kwa hiyo oda zitafute mapema.