WIMBO WA DINI UNAPOGEUZWA KUWA CHAMBO

Sisi akina mama tunaujua uwezo wa wimbo. Mtoto tunambembeleza kwa wimbo kabla hajajua neno hata moja, na yale aliyoyaimba utotoni hudumu moyoni hata masomo ya darasani yakisahaulika. Kwa bahati mbaya, uwezo huo wanaujua pia watu wenye nia mbaya.

Kundi lililojiita Dola la Kiislamu, lililotangaza utawala wake Iraki na Siria mwezi Juni 2014, lilikuwa na idara maalumu ya nyimbo. Idara hiyo, Ajnad, ilianzishwa mwaka 2013. Nyimbo zake ziliitwa nashidi, nazo zilitolewa kwa Kiarabu, na baadaye kundi hilo likatoa nyingine kwa lugha kama Kifaransa, Kijerumani na hata Kichina.

Tuseme wazi mapema: nashidi yenyewe si kitu kibaya. Ni ndugu wa kaswida tunazozisikia kwa majirani zetu wakati wa Maulidi. Waislamu huziimba kumsifu Mungu na kumkumbuka Mtume wao. Waliozichukua wakazitia sumu ndio wenye kosa, na Waislamu wenyewe ndio wa kwanza kuibiwa.

Sumu inavyotiwa

Kundi hilo lilikataza ala za muziki. Zikabaki sauti za wanaume, zilizopangwa kwa ustadi na kuchanganywa na milio ya panga na bunduki. Kiitikio kilikuwa kifupi, kikirudiwa tena na tena. Mtu akisoma hotuba anaweza kubisha, lakini akishaanza kuimba, haoni pa kubishia. Na picha za mauaji zikiwekewa sauti tamu ya dini, mauaji huanza kufanana na ibada.

Madhara yake si ya kubuni. Mwezi Machi 2011, kijana wa miaka 21 aliwaua askari wawili wa Kimarekani katika uwanja wa ndege wa Frankfurt, Ujerumani. Mahakamani ilielezwa kwamba akiwa njiani alikuwa akisikiliza nashidi za vita masikioni.

Tarehe 13 Novemba 2015, watu 130 waliuawa Paris. Kesho yake ilitolewa kanda ya sauti ya kujigamba. Fabien Clain alisoma tangazo, na mdogo wake Jean-Michel akaimba. Ndugu hawa wawili walikuwa Wafaransa waliolelewa katika familia ya Kikatoliki. Basi mama asijidanganye kwamba jambo hili ni la nyumba za wengine.

Hata tenzi zetu

Wala sisi Wakristo tusinyoshe kidole. Katika miaka ya 1920, kundi la Ku Klux Klan huko Marekani, lililowatesa na kuwaua watu weusi, liliimba tenzi za kanisani katika mikutano yake. Utenzi maarufu wa msalaba walibadilisha maneno yake ili kuusifu msalaba wa moto waliouwasha kutisha watu. Waliosikiliza waliijua tuni tangu utotoni, hivyo maneno mapya yakaingia bila kupigwa hodi.

Mama afanye nini?

Kwanza, tusikilize pamoja na watoto wetu. Kijana akivaa vipokea sauti siku nzima, tumuulize kwa upole: nani anaimba? Maneno yana maana gani? Wimbo huu unakutaka ufanye nini?

Pili, tumfundishe kipimo kimoja. Wimbo unaomfanya amwone binadamu mwenzake kuwa mdudu wa kuuawa haukutoka kwa Mungu, hata ukilitaja jina lake mara mia.

Tatu, tusikimbilie kunyang'anya simu na kufoka. Kijana anayevutwa na nyimbo hizi mara nyingi anatafuta undugu na heshima. Akivikosa nyumbani, wapo watakaompa, kisha wamdai maisha yake.

Mwisho, tuzungumze na mama Mwislamu aliye jirani yetu. Yeye anaijua kaswida halisi, na iliyotiwa sumu ataitambua upesi kuliko sisi. Naye ana kijana wa kulinda, kama sisi.