Nguo ya Mpiga Mbizi: Ipi Ichaguliwe?

Huenda wengine wakashangaa kuona mwanafunzi wa Itumba, mahali palipo milimani na mbali na bahari, akiandika habari za nguo za kupigia mbizi. Lakini maji makubwa hayako mbali nasi. Mto Songwe, ulio mpaka wetu na Malawi, humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, ambalo kina chake chafika mita 700 hivi. Tena nchi yetu imekwisha kuona misiba ya vyombo vya majini. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei, 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba, 2018. Katika msiba huu wa pili mtu mmoja aliokolewa na wapiga mbizi akiwa hai, siku mbili baada ya chombo kupinduka. Watu wa kazi hiyo wanahitajika, na huenda baadhi yetu tukaifanya. Basi yafaa tujue jinsi nguo zao zinavyochaguliwa, kwa maana nguo isiyofaa humrudisha mtu juu kabla ya kazi kwisha, au humdhuru.

Kwanza tuulize, maji yaletaje baridi? Mwili wa binadamu una joto la digrii 37, na maji huuondolea joto upesi mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Darasani, hewa ikiwa ya digrii 22, twaona raha. Lakini mtu akikaa muda mrefu katika maji ya digrii hizo, kama yalivyo maji ya chini ya Ziwa Nyasa, atatetemeka. Katika bahari za kaskazini ya Ulaya maji huweza kushuka hata chini ya digrii 5, na huko vidole hufa ganzi, mtu asiweze hata kufunga fundo la kamba.

Kwa sababu hiyo watu walibuni vazi kavu. Vazi hili hufunika mwili tangu shingoni hadi miguuni. Shingoni na penye vifundo vya mikono lina pete za mpira zinazobana, na zipu yake haipitishi maji. Ndani hubaki hewa, nayo ndiyo ihifadhiyo joto. Vitu vinavyotumika kulitengeneza ni vya namna tatu.

Cha kwanza ni neoprini, mpira uliogunduliwa katika kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1930. Neoprini ya wapiga mbizi imejaa vipovu vidogo vya gesi, kwa hiyo ni kama sweta na koti la mvua vilivyounganishwa. Hata ikitoboka, hubaki na joto kidogo. Ila yake twaiona kwa kanuni ya Boyle tuliyofundishwa katika somo la fizikia. Mtu akishuka mita 10 baharini, kanieneo huwa maradufu, na vipovu hupungua hata nusu. Akifika mita 30, vipovu hubaki robo tu. Basi nguo hunywea, joto lake hupungua pale pale panapohitajiwa joto, na mpiga mbizi huzidi kuwa mzito majini. Tena nguo hiyo hukawia kukauka. Watengenezaji wengine huigandamiza kwanza ili isibadilike kwa kina; hapo huwa ngumu na imara, lakini joto lake huwa dogo.

Cha pili ni kitambaa cha tabaka tatu. Asili ya maarifa haya ni ya zamani, kwa kuwa mwaka 1823 Charles Macintosh wa Uskoti alipata hataza ya kuunganisha vitambaa viwili kwa mpira katikati, akapata koti la mvua. Siku hizi aghalabu huwa nailoni nje, mpira wa butili katikati, na poliesta ndani. Nguo hii ni nyepesi, hukauka upesi, wala haibadiliki kwa kina. Lakini yenyewe haina joto. Sote tuishio bwenini twajua kwamba koti la mvua bila sweta halitoshi asubuhi za Juni. Vivyo hivyo mpiga mbizi huvaa nguo za sufi ndani yake, wala si za pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho humtia mtu baridi. Ikitatuka sana, maji huingia na joto hutoka.

Cha tatu ni mpira mtupu uliopikwa kwa salfa, maarifa aliyoyagundua Charles Goodyear mwaka 1839. Huu nao hauna joto wa peke yake, lakini uso wake ni laini, uchafu haushiki, na husafishwa kwa urahisi. Ukitoboka huzibwa kwa kiraka na gundi, kama fundi wa baiskeli azibavyo tyubu. Kwa hiyo hupendwa kwa kazi za maji machafu, kama ya visima na mito iliyofurika.

Jambo hili la uchafu latuhusu sana sisi. Katika maziwa yetu kuna kichocho, na vijidudu vyake hutoka katika konokono, vikapenya ngozi ya mtu aliye majini. Basi huku kwetu vazi kavu lafaa hata pale ambapo baridi si kali.

Je, ipi bora? Kwa maoni yangu, kikosi cha waokoaji wa maziwa yetu kikiwa na fedha za aina moja tu, kichague kitambaa cha tabaka tatu. Mtu aweza kuongeza au kupunguza nguo za ndani kwa kadiri ya maji, na vazi hukauka upesi kwa kazi ya kesho. Neoprini nene itamchosha kwa jua la Kyela kabla hajaingia majini. Kikipata fedha zaidi, kinunue ya mpira kwa maji machafu.

Hata hivyo, nguo haiwi badala ya mafunzo. Mpiga mbizi akipanda, hewa iliyo ndani ya vazi hutanuka. Asipojua kuitoa kwa vali, itamrusha juu ghafula, na huko kwaweza kuwa kifo chake.

Wahenga walisema, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyakoga." Mpiga mbizi yeye huyavalia nguo, basi na aichague kwa akili kabla hajayaingia.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne