Madoa sugu kwenye viti vya boti: ujue kwanza doa limetoka wapi

Kutoka Kisangani mpaka Yanonge ni kilomita karibu 60 kwa mto Congo. Ndani ya boti, abiria wanakaa pamoja na mizigo: bido za mafuta ya mawese, samaki, magunia ya makala, na bido ya esansi karibu na moteri. Kila kitu kinaacha alama yake juu ya viti. Mama aliyevaa kikwembe kipya anaangalia kiti na kukataa kukaa, na mwenye boti anapoteza mteja. Ndipo anachukua kitambaa na esansi, anasugua. Doa linatoka, lakini kiti kinaanza kuharibika.

Viti vingi vimefunikwa na skai, ile ngozi ya plastiki, na ndani mwake muko musi. Skai inabaki laini juu ya vilainisho vilivyochanganywa ndani ya plastiki. Esansi inavitoa. Kisha muda skai inakuwa ngumu, inapasuka, maji yanaingia kwenye musi, na fundi anapaswa kulipwa upya. Kwa hiyo kila doa lina dawa yake.

Mafuta ya mawese: Rangi yake iko ndani ya mafuta yenyewe, ndiyo maana maji peke yake hayafanyi kitu. Pangusa na kitambaa kikavu, mwaga unga wa muhogo, ngoja dakika 15, ondoa unga. Kisha osha na maji ya vuguvugu na sabuni, kwa burosi laini. Kama kiti ni cha kitambaa na rangi imebaki, jua litaipunguza. Skai hapana kuiacha juani siku nzima.

Damu ya samaki: Maji baridi na sabuni. Maji ya moto yanaigandisha.

Makala: Hapana kulowanisha kwanza, vumbi litaingia zaidi. Kung'uta, piga burosi kavu, halafu ndipo sabuni.

Kutu ya misumari: Maji ya ndimu na chumvi kidogo. Acha dakika 30, suuza.

Madoa meusi ya kuvu: Huku karibu na ikweta mvua ni nyingi, na viti vinalala na unyevu. Changanya kipimo 1 cha javel na vipimo 10 vya maji, pakaa, acha dakika 10, suuza sana, juu javel inakula uzi wa mshono. Vaa gan za mpira. Kama kuvu inarudi kila mara, imekaa ndani ya musi: fungua kiti, kausha musi kabisa, ndipo ufunike tena.

Kuna hatari mbili za kukumbuka. Ya kwanza: javel isikutane na ndimu wala siki. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, ambayo inachoma macho na mapafu. Kiti kilichopakwa ndimu kisuuzwe vizuri, javel ingoje siku nyingine.

Ya pili ni esansi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia chini ya boti, na sigara moja au cheche ya moteri inatosha. Mwezi wa 4 mwaka 2025, boti ya mbao HB Kongolo ilishika moto karibu na Mbandaka na watu zaidi ya 100 walikufa. Ilisemwa kwamba moto ulianzia kwa mtu aliyekuwa anapika ndani. Haukuwa moto wa kusafisha viti, lakini unaonyesha namna gani moto mdogo juu ya maji unakosa mahali pa kukimbilia.

Na jile za kuokoa? Hizo ni sabuni laini na maji tu. Javel na esansi zinadhoofisha kitambaa na musi yake, na kuzikalia kama mto wa kiti kunaifinya musi mpaka nguvu ya kuelea inapungua. Jile chafu yenye kunuka, abiria wengi hawataki kuivaa. Ioshwe, ikauke kivulini penye upepo, kisha irudi mahali mkono wa abiria unaifikia.