New York: Nani anakula faida ya kigari cha hot dog?

Mwaka 2013, mtu aliyetaka kuuza hot dog karibu na mlango wa bustani ya wanyama ya Central Park, katikati ya mji wa New York huko Marekani, alipaswa kulipa mji dola 289,500 kwa mwaka. Hizo zilikuwa feza za nafasi tu. Mkate, sosisi, gesi na mshahara wa mtu anayesimama kwenye kigari toka asubuhi mpaka magharibi, vyote vililipwa pembeni.

Hesabu yake ni rahisi. Ukigawanya feza hizo kwa siku 365, unapata karibu dola 793 kila siku. Kama kila hot dog inaacha dola 2 kisha kutoa bei ya mkate na sosisi, inabidi kuuza karibu 397 kwa siku kabla ya kupata hata dola moja ya kupeleka nyumbani. Siku ya mvua ao ya theluji wateja wanakimbia, lakini deni la nafasi halikimbii.

Hata hivyo watu waligombania nafasi hiyo. Katika bustani za mji wa New York, nafasi nzuri zinatolewa kwa mnada, na kila mmoja anataka pale watalii na familia wanapopita na njaa.

Ilianza na makala

Hot dog ni mkate laini uliopasuliwa katikati na kuwekwa sosisi ndani. Kwenye vigari vya New York, sosisi zinakaa ndani ya maji ya moto, na mteja anachagua: haradali, kabichi iliyochachushwa ao kitunguu kilichopikwa na nyanya. Kumhudumia mtu mmoja hakufiki dakika moja. Hapo ndipo nguvu ya biashara hii ilipo: mtaji mdogo, kazi ya haraka, wateja wengi. Soda na maji baridi vinasaidia pia, kwa sababu havihitaji kupikwa.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1867, Charles Feltman, mwoka mikate aliyetoka Ujerumani, aliweka jiko la makala kwenye kigari chake na kuuza sosisi ndani ya mkate huko Coney Island, kando ya bahari. Kigari kilizaa mgahawa mkubwa. Mmoja wa wafanyakazi wa mgahawa huo alikuwa Nathan Handwerker, mhamiaji kutoka Poland. Mwaka 1916, alichukua dola 300 alizokuwa ameweka akiba, akafungua kibanda chake karibu na hapo. Mgahawa wa Feltman uliuza hot dog kwa senti 10. Handwerker akauza kwa senti 5. Mgahawa wa Feltman ulifungwa mwaka 1954. Jina la Nathan's lingali linauza mpaka leo.

Karatasi ghali kuliko kigari

Wakati ule ushindani ulikuwa wa bei na ladha. Kisha ukawa wa karatasi. Mwaka 1983, mji uliweka kikomo: vibali karibu 3,000 tu vya vigari na magari ya kuuza chakula barabarani. Watu waliendelea kuongezeka, wahamiaji wapya walifika wakitafuta kazi, lakini vibali havikuongezeka.

Matokeo yake kila mfanyabiashara anaweza kuyakisia. Kibali kilichotolewa na mji kwa dola 200 kwa miaka miwili kilikodishwa kichinichini hata kwa dola 25,000 kwa muda huo huo. Mwenye karatasi alikaa nyumbani. Mwenye jasho alisimama juani, tena bila haki ya kulalamika, kwa sababu kukodisha kibali hivyo kulikatazwa na sheria. Na kila usiku alipaswa kupeleka kigari kwenye gereji maalum ya kusafishia na kukihifadhi, na huko pia analipa.

Hata mwenye nafasi halali anaweza kuanguka. Mwaka 2009, muuzaji mmoja aliyekuwa amekubali kulipa zaidi ya dola 640,000 kwa mwaka kwa vigari viwili mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan alishindwa na deni, na mji ukamuondoa. Wakati huo, askari wa zamani waliopata ulemavu walikuwa wamekuja kuuza hapo hapo. Sheria ya jimbo la New York, ya toka karne ya 19, inawapa ruhusa hiyo, nao hawakulipa ile kodi kubwa. Yeye alilipia wateja ambao wengine waliwapata bure.

Sheria mpya

Mwaka 2021, baraza la mji lilipitisha sheria ya kuongeza vibali 445 kila mwaka kwa muda wa miaka kumi. Sharti lake kubwa ni moja: mwenye kibali awe mwenyewe kwenye kigari wakati kinafanya kazi. Lengo ni kukata mkono wa yule anayekula bila kupika.

Mama anayekaanga mikate pembeni ya barabara huko Goma ao Bukavu hauzi hot dog, lakini hesabu hii anaielewa. Anajua bei ya unga, mafuta na makala. Kinachobaki kujua kabla ya kuwasha moto ni hiki: nafasi anayosimama ni ya nani, analipwa kiasi gani, na siku isiyo na wateja itagharimu ngapi. Kisha hapo ndipo ataona kama faida ni yake, ao anaipikia mtu mwingine.