Mawese, Mbio na Kutu ya Mwilini (Sehemu ya Tatu)

Mbio za Kilimanjaro zimepita, wakimbiaji wamerudi makwao na medali. Mmoja wao, kijana wa mtaani kwetu, alinionyesha kwa fahari chupa mbili: vitamini C na vitamini E. Anameza kila siku, eti kulinda misuli. Nilimkalisha kibarazani. Makala ya leo ni yale niliyomwambia, pamoja na yale aliyokosa subira ya kuyasikiliza.

Radikali huru, zile chembe korofi zinazoutia mwili kutu na ambazo vitamini hizi huzizima, tumekwisha kuzieleza katika sehemu zilizotangulia. Kinachonisisimua tangu ujana ni jinsi vitamini E ilivyogunduliwa. Mwaka 1922, huko Berkeley, Marekani, Herbert Evans na Katharine Bishop waliwalisha panya chakula cha kupimwa, chenye wanga, kasini ya maziwa na mafuta ya nguruwe. Panya walinawiri, wakashika mimba, lakini vijusi vikafia tumboni. Walipoongezewa majani mabichi ya saladi, wakazaa. Baadaye siri hiyo ikaonekana kwenye mafuta ya kiini cha ngano. Ilipokwisha kusafishwa, mwaka 1936, Evans alimwendea George Calhoun, profesa wa Kigiriki chuoni hapo, amtafutie jina. Akapewa tokoferoli: tokos ni uzazi, pherein ni kubeba. Bingwa wa maabara anabisha hodi kwa mwalimu wa lugha! Mabingwa wetu wanaona haya hata kusema kimeng'enya badala ya enzaimu.

Sasa twende jikoni. Mafuta yenye vifungo maradufu vingi, kama ya alizeti na zaidi ya samaki, hushambuliwa upesi na oksijeni. Ukiyala kwa wingi, utando wa seli zako hujengwa nayo, na haja ya vitamini E ya kuulinda hupanda. Alizeti huja na vitamini E yake tele, ila si ile iliyochemka siku tatu kwenye karai la chipsi hadi ikawa nyeusi. Mawese ya Kigoma yana vifungo hivyo vichache, na wekundu wake ni karotini. Chupa yangu, asubuhi za baridi hapa Arusha, hujitenga: juu wekundu mwangavu, chini uji mzito wa njano. Kiwandani wekundu huo huondolewa, nasi tunayaita mafuta safi! Sisemi uyanywe, karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda, na moyo hauyataki mengi.

Mbio sasa, kwa ufupi, nafasi inaniishia. Misuli inayofanya kazi huzalisha radikali, na asiyezoea akijikamua siku moja huumia. Akirudia wiki kwa wiki, radikali zilezile huuamsha mwili utengeneze vimeng'enya zaidi vya kuzizima. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake, Ujerumani, waliwapa vijana waliokuwa mazoezini miligramu 1,000 za vitamini C na yuniti 400 za vitamini E kila siku kwa wiki nne. Waliomeza hawakupata nafuu ya mwitikio wa insulini waliyoipata wenzao waliofanya mazoezi bila kumeza, na vimeng'enya vyao havikuamka.

"Kwa hiyo nizitupe, Mwalimu?" kijana akauliza. Nikamwambia akimbie miezi miwili bila kumeza, kisha tuongee. Jana nimepita kwao. Chupa zote mbili zipo dirishani, moja imefunguliwa.