Mmea Ulao Nzi Si Mmea wa Mashetani

Wako watu ambao wakisikia kuna mmea ulao wadudu hupiga audhubillahi. Mimi nasema huo si uchawi. Ni riziki yake, alivyojaaliwa na Muumba.

Mmea uitwao mtego wa nzi kwao ni Carolina ya Kaskazini na ya Kusini, Marekani. Huota penye kinamasi, udongo usio na nguvu. Basi chakula ambacho mizizi haikipati, majani hukitafuta. Ndani ya jani mna vinyweleo. Nzi akikigusa kimoja, jani hutulia. Akigusa tena kabla ya sekunde 20 hivi kupita, jani hujifunga mara moja. Kwa hesabu hiyo, tone moja la mvua halilihadai. Charles Darwin aliiandikia mimea ya namna hii kitabu kizima mwaka 1875.

Je, yafaa kuupanda nyumbani, ndani ya sanduku la kioo? Mmea huu wataka kupumzika kwa baridi miezi mitatu hivi kila mwaka, na baridi hiyo Mombasa hatuna. Kwa hivyo, msomaji wa pwani, mimi naona afadhali mmea wa mtungi, ambao jani lake huning'inia mfano wa kikombe chenye kifuniko, na mdudu akiteleza humo hatoki. Jamaa zake wako hata kwa jirani zetu wa Madagaska na Shelisheli. Na wale wa nchi tambarare za Malaysia na Indonesia wamezoea joto na unyevu kama wetu.

Usiunyweshe maji ya kisima, kwani chumvi na chokaa vitauua. Upe maji ya mvua, yaliyokingwa darini kama walivyokinga wazee wetu. Usiutie mbolea, wala mchanga wa ufuoni. Uweke penye mwanga mwingi, lakini jua la mchana lisilipige sanduku, usije ukapikika. Na watoto wasiuchokoze kwa vijiti, wala wasiulishe nyama.

Mwisho, uliza ulikotoka. Wezi wameing'oa mitego ya nzi porini hata Carolina ya Kaskazini, mwaka 2014, ikaufanya wizi huo kosa kubwa la jinai. Nunua uliooteshwa kitaluni. Cha wizi hakina baraka, hata kikiwa kizuri namna gani.