Mto Simiyu na Swali la Miaka Elfu Mbili

Watoto wa shule hutuuliza mara kwa mara: je, katika historia ya dunia liko jambo lolote lililotendeka hapa kwetu? Maana wao husoma habari za Misri, na za Uyunani, na za Rumi, nao hudhani ya kuwa mambo makuu yote yalikuwa mbali, nasi tulikaa kando. Mwezi huu twataka kuwajibu. Liko swali moja ambalo wenye elimu waliliuliza kwa zaidi ya miaka 2,000, na sehemu ya jibu lake ilipatikana katika maji yaliyo karibu nasi hapa Nyashimo. Swali lenyewe ni hili: Mto Nile watoka wapi?

Kwa ajili ya wale wasiojua kwetu, Nyashimo ni makao makuu ya wilaya ya Busega, katika barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma. Karibu nasi ni Ghuba ya Speke, nayo ni mkono mrefu wa Ziwa Viktoria ulioingia katika nchi. Mkoa wetu ulioundwa mwaka wa 2012 umepewa jina la mto Simiyu, nao humwaga maji yake katika ghuba hiyo, kama wafanyavyo Mbalageti na Grumeti itokayo Serengeti.

Sasa na twende kwanza Misri. Kila msomaji wetu ajua habari za mto ule, maana ndipo alipolazwa mtoto Musa katika kisafina penye majani. Nchi ya Misri haipati mvua ya kutosha kulima. Lakini zamani kila mwaka, katika miezi ya joto kali, mto ulifurika, ukafunika mashamba, ukaacha tope jeusi lenye rutuba. Kwa tope lile watu walikula. Na kwa kuwa walikula wakashiba, wakapata nafasi ya kuandika, na kuchora, na kujenga. Mwaka wa 2013 zilipatikana karibu na Bahari ya Shamu karatasi za mafunjo za mtu mmoja aitwaye Merer, aliyekuwa msimamizi wa mabaharia katika siku za Farao Khufu. Ameandika jinsi kundi lake lilivyochukua mawe kwa mashua, kutoka Tura mpaka Giza, kwa ajili ya piramidi kubwa. Karatasi hizo zina umri wa miaka 4,500 hivi. Basi hata piramidi zilijengwa kwa msaada wa mto.

Hata hivyo, Wamisri wenyewe hawakujua maji yao yatoka wapi. Walichonga ngazi za mawe kandokando ya mto, wakazitia alama, wakapima kila mwaka maji yamepanda kiasi gani, ili wajue mavuno yatakuwaje na kodi iwe kiasi gani. Walijua kupima, asili ya maji hawakuijua. Mnamo mwaka wa 450 kabla ya Kristo, Myunani mmoja aitwaye Herodotus alifika huko akawauliza watu wengi. Hakupata jibu la kumridhisha. Aliambiwa na wengine ya kwamba mto hujazwa na theluji iyeyukayo, akalikataa neno hilo, maana aliona haiwezekani theluji iwepo katika nchi ya joto jingi namna ile.

Baadaye Kaisari Nero wa Rumi alituma askari wapande mto. Wakafika penye kinamasi kikubwa cha Sudani, mahali majani na maji yalipochanganyika hata mashua isipite, wakarudi. Karibu na mwaka wa 150, Ptolemy, mtu wa mji wa Aleksandria, aliandika ya kuwa Nile hutoka katika maziwa yaliyoko kusini, na maziwa hayo hupata maji katika Milima ya Mwezi. Mwaka wa 1154, Mwarabu al-Idrisi alimchorea mfalme Roger wa Sisilia ramani ya dunia, naye pia akaonyesha mto ukitoka katika maziwa. Habari hizo zilikaribia kweli, lakini hakuna hata mmoja wa hao aliyefika. Walisikia tu.

Basi ikawa hivyo mpaka siku za babu za babu zetu. Katika mwaka wa 1848 mmisionari Rebmann wa Rabai, karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Habari ilipofika Ulaya, bingwa mmoja wa ramani aliyekaa London alimdhihaki, akasema hapana theluji katika nchi hizo. Yeye hakuwahi kuja. Lakini alijiona ajua kuliko aliyeona kwa macho. Mwenzake Rebmann, Bwana Erhardt, aliwasikiliza wafanya biashara wa misafara waliotoka bara. Kwa maneno yao alichora ramani, ikapigwa chapa mwaka wa 1855 na 1856. Ramani ile ilionyesha ziwa moja kubwa mno, lenye umbo kama konokono. Kumbe yalikuwa maziwa matatu, Viktoria na Tanganyika na Nyasa, yaliyounganishwa kuwa moja. Ijapokuwa ilikosea, ilifanya kazi kubwa, maana kwa ajili yake chama cha wenye elimu ya nchi huko London kiliwatuma Burton na Speke waje kutazama.

Wakaja mwaka wa 1857. Walipofika Kazeh, yaani Tabora, Waarabu waliokaa pale waliwaeleza wazi kwamba maziwa ni mbalimbali, na lile la kaskazini ni kubwa zaidi. Burton alikuwa mgonjwa, akabaki. Speke akaenda kaskazini pamoja na watu wachache. Tarehe 3 Agosti 1858 akayaona maji ya Ziwa pale Mwanza.

Twaomba walimu waliangalie jambo hili vizuri. Speke hakujua Kisukuma, wala Kiswahili chake hakikutosha. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mtu wa kabila la Wayao, aliyetekwa utotoni akauzwa mpaka Uhindi, kisha akarudi. Speke alisema na Bombay kwa Kihindustani, tena kibovu; Bombay alisema na wengine kwa Kiswahili; na hao wakasema na wenyeji. Swali lilipita midomo mitatu kabla ya kufika, na jibu vivyo hivyo katika kurudi. Walipoulizwa ziwa lafika wapi upande wa kaskazini, walionyesha kwa mkono kwamba ni mbali mno kusikojulikana. Naye alikaa siku tatu tu.

Lakini alipima. Alichukua kipimajoto cha kawaida, akachemsha maji ya ziwa. Maana ni kanuni ya Mungu katika viumbe kwamba mahali palipo juu hewa ni nyepesi, na maji huchemka kabla ya kufikia joto lile la pwani. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Hapa kwetu huchemka karibu na 96. Ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva huku kuliko pwani, ingawa moto ni ule ule. Kwa njia hiyo Speke alihesabu kwamba ziwa liko futi 3,740 juu ya bahari. Leo, kwa vyombo bora sana, twajua ni futi 3,720 hivi, yaani meta 1,134. Tofauti ni ndogo mno! Akakata shauri ya kwamba ziwa kubwa namna hii, lililoko juu hivi, ndilo chanzo cha Nile.

Burton alikataa. Yeye alitumaini ya kuwa mto Rusizi hutoka katika Ziwa Tanganyika na kwenda kaskazini. Lakini walipokuwa Uvira mwaka ule ule, wana wa mfalme wa nchi walikwisha kumwambia kwamba Rusizi huingia ziwani, hautoki. Wao walizaliwa karibu na mto ule, wangekosaje kujua? Ilikuwa mpaka mwaka wa 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi hata mdomo wa mto, ndipo dunia ikasadiki neno ambalo vijana wa Uvira walilisema miaka 13 mbele.

Speke alirudi pamoja na Bwana Grant, na tarehe 28 Julai 1862 akaona maji yakitoka ziwani katika maporomoko yaliyoitwa Ripon, huko Jinja. Hata hivyo hakulizunguka ziwa lote, wala hakuufuata mto hatua kwa hatua, na wapinzani wake wakasema labda ni maziwa mengi madogo. Wakawekewa siku ya kujadiliana mbele ya watu, yeye na Burton, katika mji wa Bath, mwezi wa Septemba 1864. Siku moja kabla ya mjadala, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda. Akafa bila kujua kwamba amesema kweli.

Ndipo jambo likafika mlangoni petu. Stanley alitoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 pamoja na watu zaidi ya 300, wengi wao wapagazi waliochukua vipande vya mashua iitwayo Lady Alice. Wengi walikufa njiani kwa njaa, na maradhi, na vita. Tarehe 27 Februari 1875 wakafika Kageye, katika nchi ya Magu, jirani zetu. Tarehe 8 Machi mashua ikaingia majini, na wapiga makasia 10, na mshika usukani, na kiongozi mmoja wa Kageye aitwaye Saramba. Kwanza wakaelekea mashariki, wakifuata pwani hii yetu. Naye Stanley ndiye aliyeiita ghuba jina la Speke. Wakazunguka ziwa zima, wakarudi Kageye tarehe 6 Mei. Ziwa ni moja, na mto mkubwa utokao ni mmoja tu. Speke alisema kweli.

Haifai tufiche upande wa pili. Katika kisiwa cha Bumbire palitokea ugomvi, na miezi michache baadaye Stanley alirudi pale akawapiga wenyeji kwa bunduki, wakafa wengi. Ramani tunayoifundisha watoto kwa furaha ina damu ndani yake, nasi tuwaambie hivyo.

Stanley alisema tena ya kwamba Simiyu, mto wetu, ndio mwanzo wa mbali kabisa wa Nile upande wa kusini. Katika hili alikosea. Baumann mwaka wa 1892 na 1893 huko Burundi, na Kandt mwaka wa 1898 huko Rwanda, waliifuata mito iingiayo katika Kagera, ikaonekana kwamba Kagera ni mrefu kuliko Simiyu. Lakini hatukuvuliwa heshima yote. Matone ya Simiyu hufika ziwani, na maji ya ziwa hutoka Jinja. Maporomoko ya Ripon yenyewe hayaonekani tena tangu bwawa la Owen lilipojengwa, mwaka wa 1954.

Elimu ya siku hizi imeongeza mambo mawili ya kushangaza. La kwanza, furiko la Misri lilitoka hasa katika milima ya Ethiopia, kwa njia ya Nile ya Buluu. Ziwa letu ndilo lililolinda mto usikauke wakati wa kiangazi. Furiko lenyewe lilikoma kufika Misri bwawa kubwa la Aswan lilipokwisha, mwaka wa 1970. La pili, wenye elimu wametoboa tope la chini ya ziwa, wakalisoma kama kitabu, wakaona kwamba yapata miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikuwa limekauka. Maana kina chake ni kama meta 80 tu, na sehemu kubwa ya maji yake, yapata nne kwa tano, ni mvua iangukayo juu ya ziwa lenyewe. Basi aulizaye chanzo cha Nile, mwisho wake atajibiwa: ni mvua. Na mvua ikipungua kwa miaka mingi, ziwa nalo huweza kwisha. Tena kijito kikichafuliwa Bariadi, uchafu wake hushuka mpaka ghubani.

Twawapa walimu na wazazi kazi moja kwa mwezi huu. Kila mtoto achore mto ulio karibu na nyumbani kwake, tangu unapoanza hata unapoingia katika mto mwingine. Kisha awaulize wazee: zamani maji yalifika wapi? Ni visima gani vilivyokauka, na mwaka gani? Aandike majibu pamoja na jina la mahali na mwaka, na ayapime kwa hatua au kwa kamba pale inapowezekana. Asidharau neno la mzee kwa sababu halimo kitabuni, wala asiliandike bila kupima kwa sababu ni la mzee. Wana wa Uvira walijua bila kupima. Speke alipima akajua. Aliyekosa kabisa ni yule wa London aliyecheka, asije kuona wala asitake kusikia.